Shangazi na Nyuzi za Miaka Kumi na Moja

Siku ya kwanza seremala kumtia Shangazi machoni, alikuwa ameitwa hospitalini kutengeneza kabati linalolia.

Ndivyo alivyoambiwa na karani wa stoo: "Kuna kabati pale chumba cha dobi, linalia. Wafanyakazi wengine wanasema lina shetani. Hebu nenda kalitazame." Seremala hakuuliza linalia vipi wala saa ngapi. Hakuwa mtu wa maswali. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mke mmoja, watoto watatu na karakana ya mlango mmoja, na maisha yake yote aliona nafuu kukitengeneza kitu mara mbili kuliko kumwuliza mtu mara moja. Akabeba boksi lake la vifaa, akashika njia.

Chumba cha dobi kilikuwa nyuma ya wodi. Ilikuwa saa saba mchana, saa ya chakula, na mashine tatu kubwa za kufulia zilikuwa zimezimwa. Mvuke ulikuwa bado umetanda darini, na sakafu ilikuwa na madimbwi madogo ya maji ya sabuni. Seremala hajavuka hata kizingiti, akalisikia. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, iliyopita kwenye nyayo kabla ya kufika masikioni. Kabati la mashuka, lililosimama ukutani kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, lilikuwa likiimba.

Akachungulia. Kando ya kabati, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mwanamke wa makamo mwenye gauni la kazi la kijani na viatu vya mpira. Mapajani alikuwa amepakata gitaa kubwa la besi la rangi ya kahawia lenye nyuzi nne nene, na kichwa cha gitaa alikuwa amekiegemeza kwenye ubao wa kabati, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake jambo la siri. Hapakuwa na waya wala spika. Kila alipovuta uzi, mtetemo ulipita kichwani mwa gitaa, ukaingia kwenye ubao, na kabati zima likaitikia.

Seremala alisahau kwamba boksi la vifaa lilikuwa bado mkononi.

"Umekuja kulitengeneza au kulisikiliza?" mwanamke akauliza. Macho alikuwa ameyafumba.

"Kulitengeneza," seremala akajibu. Kisha akaongeza, "Misumari yake imelegea."

"Imelegezwa na mimi. Mwaka wa sita huu nalipigia hapa kila saa ya chakula. Amplifaya ninayo nyumbani, lakini nikiiwasha hapa, wagonjwa watakimbia na dripu zao."

Alicheka mwenyewe, cheko la kifuani. Seremala akapiga magoti, akang'oa misumari, akatia gundi na skrubu. Ubao wa nyuma ulikuwa ukigongana na fremu, ndiyo maana sauti ilikuwa na mkwaruzo. Akaubana, ila hakuubana kupita kiasi, kwa kuwa aliona ubao ukibanwa sana hautaitikia tena. Hilo hakuambiwa na mtu. Mikono yake ndiyo iliyomwambia.

Mwanamke akakiegemeza tena kichwa cha gitaa, akavuta uzi mmoja. Kabati likanguruma, safi, bila mkwaruzo.

"Wewe!" akasema, na sasa macho akafumbua. "Umeliondolea mafua. Jumamosi saa tisa alasiri fika kwa kinyozi pale njia panda. Tuko watu watatu tunaopiga soga za besi. Mtu mwenye mikono kama yako tulikuwa tunamtafuta."

Seremala hakusema atakwenda, na hakusema hatakwenda. Lakini alikwenda.

Wote walimwita Shangazi. Jina hilo alipewa na wasichana wa pale dobini, na yeye alilipokea kama mtu anavyopokea gauni la kazi: lilimwenea, akalivaa. Aliingia kazi ya kufua mashuka ya hospitali akiwa na miaka ishirini na miwili. Mchana alikuwa dobi, na mwisho wa wiki alikuwa mpiga besi wa bendi ya hoteli. Aliyeshika besi kwanza alikuwa kaka yake, na yeye kazi yake ilikuwa kumbebea gitaa. Ikatokea siku kaka akashikwa na homa, watu wameshajaa ukumbini, na kiongozi wa bendi anazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Shangazi akasema, "Mimi nyimbo zote nazijua. Nimezisikia nikiwa nimekalia boksi la gitaa." Wakaona afadhali besi ya msichana kuliko kukosa besi. Kaka alipopona, akaambiwa apige tumba.

Alipiga miaka kumi na tisa. Kisha hoteli ikafungwa na bendi ikatawanyika. Redio iliwahi kuwarekodi mara mbili, lakini kanda zile, kabla hazijarushwa hewani, zilirekodiwa juu yake matangazo ya mbolea. Kwa hiyo kazi yote ya miaka ile ilikuwa imebaki vichwani mwa watu, na watu wenyewe walianza kupungua.

"Mtu akitaka kunisikia," alipenda kusema, "lazima aje kabatini."

Pale kwa kinyozi palikuwa na viti viwili vya kunyolea, kioo chenye ufa pembeni na benchi la wanaosubiri. Jumamosi alasiri benchi lilikuwa la wapenda besi, na mteja aliyetaka kunyolewa alivumilia mazungumzo. Kinyozi mwenyewe alikuwa na gitaa jeupe la nyuzi tano, linalong'aa kama bakuli la kaure, na kila mwezi alitamani lingine. Mwenzao mwingine alikuwa fundi redio, mtu mfupi mwenye harufu ya risasi ya kuchomelea, ambaye alizipenda amplifaya kuliko magitaa yenyewe.

"Nyuzi tano, Shangazi," kinyozi alikuwa akisema, mashine ya kunyolea ikinguruma hewani na mteja ameinamisha shingo. "Unashuka chini kabisa, huko ambako za nne hazifiki."

"Huko chini kuna nini?"

"Kuna uzito!"

"Uzito ninao kazini, kapu la mashuka mabichi. Huo uzi wako wa tano labda uanikie nguo."

"Besi si nyuzi," fundi redio akaingilia. "Besi ni amplifaya. Na amplifaya ni ile ya zamani, yenye taa ndani. Ile inaipasha sauti moto."

"Inapasha na mgongo wa anayeibeba," kinyozi akasema. "Yako niliipandisha ghorofa ya pili siku ile ya harusi. Nilipofika juu nilikuwa mfupi kuliko wewe."

Mteja aliyekuwa akinyolewa alicheka mpaka akakaribia kukatwa sikio.

Seremala alikaa mwisho wa benchi, mikono katikati ya magoti, akisikiliza. Kinyozi alimbatiza jina la Bwana Kimya. Jumamosi ya tatu wakabishana kama ubao una kazi yoyote katika gitaa la umeme, maana kinyozi alishikilia kwamba sauti yote inatoka kwenye sumaku zilizo chini ya nyuzi, na ubao ni pa kushikia tu.

"Tumwulize mwenye mbao," Shangazi akasema. "Mdogo wangu, unasemaje?"

"Ubao ukiwa mbichi," seremala akasema, "hata uweke sumaku ya dhahabu."

Wakangoja amalizie. Hakuwa na la zaidi. Basi wakaangua kicheko, fundi redio akampiga begani, kinyozi akasema, "Kumbe anasema!" Seremala alirudi nyumbani siku hiyo akitembea katikati ya njia, jambo ambalo si kawaida yake.

Lakini hasa alikwenda kwa ajili ya kumsikia Shangazi akipiga. Kinyozi alipopiga, ulisikia vidole vingi vikikimbizana. Shangazi hakupiga vingi. Aliweka sauti moja, akaiacha ikae, kisha akaweka nyingine pale ambapo ulikuwa hujui kwamba unaihitaji. Sauti yake ilikuwa fupi, nene na ya mviringo, kama mlango mzito unaofungwa na mtu mwenye adabu. Ngozi za vidole vyake zilikuwa zimejikunja kwa maji ya moto ya miaka thelathini na sita, na kucha zimekatwa mpaka mwisho. Seremala alivitazama vidole vile kama alivyowahi kumtazama marehemu baba yake akipiga randa: mtu ambaye hafanyi haraka, na bado amekushinda.

Siku moja Shangazi alikuwa zamu, hakufika. Ndiyo siku kinyozi alipowaeleza wengine namna anavyotunza nyuzi zake. "Kila mwezi nazichemsha. Sufuria, maji, siki kidogo, dakika kumi na tano. Uchafu wote unabaki majini, nyuzi zinarudi kama zimetoka dukani leo." Seremala akalisikia, akaliweka moyoni kama alivyoweka kila lililosemwa pale.

Kisha mwimbaji wao wa zamani akarudi. Alikuwa ameishi nchi za mbali miaka ishirini, sasa amekuja kwa mwezi mmoja, na alitaka kurekodi nyimbo mbili za ile bendi kabla hajaondoka. Alikuwa ameshakodi studio kwa asubuhi moja. Shangazi aliwaletea habari hiyo akiwa amesimama. Kukaa kulimshinda.

"Amesema wa ngoma awe yeyote, wa solo awe yeyote. Lakini besi ni mimi au basi. Anaitaka ile sauti." Akajigusa kifuani. "Nina miaka hamsini na minane, jamani, na hakuna mahali popote duniani nilipobaki. Hii ndiyo nafasi. Nyingine sioni itokee wapi."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili wakati kitoroli cha mashuka kilipoteleza pale dobini, kikaliangukia gitaa. Kichwa cha gitaa kikaingia ufa.

Alilileta karakanani mwenyewe, limefungwa ndani ya shuka la hospitali. "Nimekuletea mgonjwa," akasema, lakini sauti haikuwa na mzaha. Seremala akafungua shuka, akapitisha kidole juu ya ufa. Haukuwa umekatisha ubao. Ulikuwa umefuata mishipa ya ubao wenyewe, na ufa wa namna hiyo gundi huuweza.

"Ijumaa," akasema.

"Ijumaa ipi? Studio ni Jumamosi ya wiki ijayo."

"Hii hii."

Shangazi akamwangalia, akashusha pumzi, akaenda zake. Hakuacha maagizo yoyote. Kwake yeye seremala alikuwa mtu wa kupewa kitu na kuachiwa.

Na kazi aliifanya kwa moyo wote. Aliziondoa nyuzi nne, kila moja akaitundika kwenye msumari wake ili asizichanganye. Akapenyeza gundi ndani ya ufa kwa wembe mwembamba, akakizungushia kichwa mpira wa tairi la baiskeli, akakibana kwenye jiliwa, akakiacha siku mbili. Akasafisha vumbi la miaka. Gitaa likawa kama limeamka usingizini. Zikabaki nyuzi tu, zinaning'inia kwenye misumari, nyeusi, zinanata kama mikia ya panya.

Hapo ndipo shetani wa wema alipomwingia. Akaona haya kumrudishia Shangazi gitaa zuri lenye nyuzi chafu, tena anakwenda studio. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano. Simu ilikuwa mfukoni. Swali lenyewe lilikuwa la maneno matatu: nizichemshe hizi nyuzi? Lakini kuuliza kulikuwa kazi, na kuchemsha kulikuwa rahisi.

Mkewe alimkuta jikoni ameinamia sufuria.

"Leo tunakula waya?"

"Nyuzi za Shangazi."

"Amekuagiza?"

"Nataka nimshtukize."

Mkewe akamtazama. Katika miaka ishirini ya ndoa hakukumbuka mume wake kumshtukiza mtu yeyote. "Haya," akasema. "Lakini sufuria yangu utaisugua mwenyewe."

Maji yaligeuka meusi kama chai iliyosahaulika. Nyuzi zikatoka zinang'aa, akazikausha kwa kitambaa, akazifunga moja moja kwa uangalifu mkubwa. Ijumaa gitaa lilikuwa tayari, naye akakaa nalo mpaka Jumamosi ili alikabidhi mbele ya wote pale kwa kinyozi. Kusifiwa mbele ya watu kulimtia hofu, lakini kwa mara ya kwanza maishani alikutaka.

Shangazi kwanza alikitazama kichwa. Ufa ulikuwa hauonekani. "Mikono hii!" akasema. Kisha macho yakashuka kwenye nyuzi, na uso wake ukasimama.

Akachomeka waya kwenye amplifaya, akavuta uzi mnene.

Sauti iliyotoka ilikuwa kali, yenye kumetameta, kama vijiko vinaanguka sakafuni. Akavuta wa pili, vijiko vingine. Kinyozi akazima mashine. Fundi redio akainuka, akakaribia amplifaya, akagusa kitufe hiki na kile.

"Iache, amplifaya ni nzima," Shangazi akasema. Alisema taratibu sana. "Mdogo wangu. Nyuzi zangu umezifanya nini?"

"Nimezichemsha."

"Kwa maji?"

"Na siki kidogo."

"Mama yangu mzazi!" kinyozi akasema, akajifunika uso kwa taulo la mteja. Kisha akalishusha. "Mimi ndiye niliyesema, Shangazi. Nilisema habari za zangu mimi. Sikujua kama ana sikio la kutekeleza."

Seremala hata sasa hakujua kosa lenyewe ni lipi, ila aliona limetokea. Fundi redio ndiye aliyemweleza, kwa upole. Nyuzi mpya zina kengele ndani yake. Wengine wanaipenda kengele hiyo, kama kinyozi. Shangazi haipendi. Nyuzi zile alizifunga miaka kumi na moja iliyopita, na tangu hapo hajazibadilisha wala kuzifuta kwa kitambaa. Jasho na ngozi vilijaa polepole katikati ya vijiwaya vilivyouzunguka uzi, kengele ikafa, ikabaki ile sauti nene ya mlango. Watu wote watatu walilijua hilo, na kwa kuwa walilijua sana, hakuna aliyewahi kulitaja.

"Tununue nyingine?" mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa akauliza.

"Nyuzi mpya zinauzwa," fundi redio akasema. "Nyuzi za zamani hazina duka."

Seremala alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona wazi alichokifanya: mwanamke huyu alikuwa na nafasi moja ya kubaki duniani, na yeye ameimwaga pamoja na maji meusi ya sufuria. Akainuka, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Shangazi akauliza.

Alikuwa ameshashika kitasa.

"Kaa chini. Ukiondoka sasa nitakuwa nimepoteza vitu viwili." Akakaa yeye kwanza, akaliweka gitaa mapajani, akafikiri. "Leo Jumamosi. Studio Jumamosi ijayo, saa tatu. Zitachafuliwa."

"Miaka kumi na moja kwa siku saba?" kinyozi akauliza.

"Mikono yangu ni miwili. Hapa naiona minane."

Kinyozi akaruka, akachukua chupa ya mafuta ya nywele rafuni. "Basi tuanze na haya!"

"Rudisha hapo! Nikipaka hayo vidole vitateleza mpaka kwa mwimbaji. Nataka jasho la mtu anayepiga. Halina njia ya mkato."

Wakagawana saa. Kinyozi angepiga asubuhi kabla ya kufungua, Shangazi akitoka kazini alasiri, fundi redio jioni. Ikabaki kuanzia saa tano hadi saa tisa. Wote wakamgeukia seremala.

"Mimi sijui kupiga," akasema.

"Sikutaki ujue. Nataka utoke jasho," Shangazi akasema. "Na ninavyokuona, kwa jasho la aibu peke yake utazimaliza."

Akamwonyesha kipande kimoja cha wimbo, sauti nne tu: moja kwenye uzi mnene, mbili kwenye wa pili, moja kwenye wa tatu, kisha unarudi. Akamshika kidole chake akakiweka mahali pake, kama anavyoshikwa mtoto wa darasa la kwanza.

Jumapili seremala alifunga karakana, akaenda kukaa juu ya kile kiti cha pili cha kunyolea, uso ukutani, mgongo kwa wateja. Jumatatu alifanya vivyo hivyo. Alipiga sauti nne akakosea, akaanza tena, akakosea. Mteja mmoja akamwuliza kinyozi kwa sauti ya chini, "Huyu bwana anaumwa?"

"Yuko kazini," kinyozi akajibu.

Jumatatu jioni vidole vilivimba. Jumanne vikatoa malengelenge. Mkewe akamfunga plasta asubuhi, na yeye akaibandua alipofika, maana plasta ingeunyima uzi jasho. Alijikaza kisabuni. Jumatano, karibu saa nane, akaona kwenye kioo kwamba mtu aliye kwenye benchi anatikisa mguu. Akaangalia vizuri. Mguu ulikuwa ukifuata zile sauti nne. Seremala akashtuka akapotea njia kabisa, na yule mteja akasema, "Aa, fundi, mbona umekata?"

Kila siku saa tisa Shangazi aliingia, mikono bado ina mikunjo ya maji, akasimama mlangoni kwanza bila kujionyesha. Kisha akasema, "Bado." Jumanne, "Bado." Jumatano, "Bado, lakini." Alhamisi akauvuta uzi mnene, akautegea sikio. "Huyu amekufa. Mungu amlaze pema." Ijumaa wa pili na wa tatu nao walikuwa wameshatulia. Ule mwembamba ndio uliokuwa ukilia kengele kama baiskeli ya posta. Walishindana nao wote wanne mpaka jioni, wapi.

"Basi," Shangazi akasema. "Twendeni hivyo hivyo."

"Mimi nitabaki," seremala akasema.

"Utakuja, tena utakaa ndani."

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichogongomelewa mablanketi ukutani. Fundi mitambo alikuwa dada mwembamba mwenye vifuniko vikubwa masikioni. Mwimbaji alimkumbatia Shangazi muda mrefu, wakaitana majina ambayo seremala hakuwahi kuyasikia. Kisha wakaanza.

Seremala alikuwa ameziangalia nyuzi zile siku saba, kwa hiyo alikiona kitu ambacho wengine hawakukiona. Shangazi alikuwa haugusi uzi mwembamba. Kila wimbo ulipotaka sauti za juu, badala ya kuutumia uzi ule ulio karibu, aliupandisha mkono mzima kwenye shingo ya gitaa, akazitafuta sauti zile zile kwenye uzi wa tatu, mbali, kisha akarudi chini kwa wakati. Nyimbo alizozipiga kwa namna moja miaka kumi na tisa, alikuwa akizipiga kwa njia mpya kabisa, hapo hapo, kwa vidole vya dobi vya miaka hamsini na minane, na usoni alikuwa kama mtu anayekunja shuka. Sauti ilikuwa fupi, nene, ya mviringo.

Katikati ya wimbo wa kwanza mwimbaji akanyamaza. Ngoma ikasimama.

"Kuna tatizo?" dada wa mitambo akauliza.

"Hakuna," mwimbaji akasema. "Nimesahau maneno. Nilikuwa namsikiliza."

Wakarudia, na safari hii ikaenda mpaka mwisho, na wimbo wa pili ukafuata. Waliporudishiwa kwenye spika, Shangazi alisikiliza ameinamisha kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kujisikia akiwa nje ya mwili wake. Mwimbaji akasema neno moja tu, "Ndiye." Shangazi akajifuta macho kwa kiganja.

"Kumbe hivi ndivyo mlivyokuwa mnanisikia," akasema. "Basi mlinivumilia vizuri."

Kinyozi alipoelezwa habari ya ule uzi mwembamba, alilitazama gitaa lake jeupe. "Nyuzi tatu," akasema mwishowe. "Mimi nina tano."

Mwaka ule ulipokwisha Shangazi alistaafu. Binti yake alimtaka ahamie kwake, safari ya siku mbili. Siku moja kabla ya kuondoka, seremala alikwenda chumbani kwake, kwenye nyumba za wafanyakazi, kumsaidia kufunga mizigo. Alipigilia maboksi mawili, akalifungia gitaa ndani ya sanduku la mbao alilolipimia sawasawa na gitaa lenyewe. Hakujua kwamba hatamwona tena, kwamba baada ya miezi minane binti angempigia kinyozi simu ya msiba, na kwamba siku hiyo wateja wangekuta mlango wa kinyozi umefungwa na ndani watu watatu wanazisikiliza zile nyimbo mbili.

Yote yalipokwisha kufungwa, seremala alisimama mlangoni na nyundo mkononi. Akauliza swali. Lilikuwa limemkaa moyoni miezi yote hiyo.

"Shangazi, siku ile mbona hukunigombeza?"

Alikuwa amepiga magoti, anakaza kamba ya mwisho. Hakuinua kichwa.

"Nilikasirika, baba. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Lakini ningekufokea usingerudi, na mtu anayesikiliza kama wewe ningemtoa wapi? Haya, nenda ukale, na huo mlango urudishie, vumbi linaingia."